Kusomea cheti cha juu cha uuguzi wa wanyama huku ukiwa kazini

Swali

Shikamoo. Mimi ni mzaliwa wa Tanga na ninaishi Uingereza, ambako ni muuguzi wa wanyama niliyesajiliwa. Nilisoma stashahada ya ngazi ya 3 nikiwa kazini, na sasa nina uzoefu wa miaka 4 katika kliniki ya mbwa, paka na sungura iliyo chini ya kampuni kubwa. Ninafanya zamu 4 za saa 10 kwa wiki, pamoja na baadhi ya wikendi, na nina mtoto wa miaka 5. Kazi ninayoipenda zaidi ni ya nusukaputi na uangalizi wa mgonjwa baada ya upasuaji. Mwajiri amesema yuko tayari kulipa nusu ya ada ya cheti cha juu endapo nitakubali kubaki naye miaka 2 baada ya kuhitimu. Je, nichague cheti kipi, nitaweza kweli kukimaliza bila kuacha kazi, na nikirudi nyumbani Tanzania kitanifaa?

Jibu

Marahaba, mdogo wangu. Inawezekana, na wauguzi wengi waliofika mbele katika fani hii nchini Uingereza wamesoma kama unavyotaka kusoma wewe, wakiwa zamuni na wakilea. Lakini maswali yako umeyapanga kwa utaratibu ambao mimi ningeugeuza: umeanza na cheti, ukaja kwenye ada, na kuhusu kazi yenyewe hukuuliza kitu. Ninakushauri uanze na kazi. Kubaliana kwanza na mwajiri ni wagonjwa gani utakaowahudumia kwa ujuzi huo mpya, na ni saa ngapi za zamu atakazokuachia usome, chuo kitafuata.

Ninasisitiza hivyo kwa sababu ya sheria. Sheria ya Madaktari wa Wanyama ya mwaka 1966, katika Jedwali lake la 3, inamruhusu muuguzi aliyesajiliwa kutoa tiba na kufanya upasuaji mdogo usioingia katika uwazi wa mwili kama tumbo au kifua, kwa maelekezo ya daktari anayemhudumia mnyama huyo. Kutambua ugonjwa, kuandika dawa na kufanya upasuaji mkubwa ni kazi za daktari peke yake. Mipaka hiyo haisogei kwa sababu umepata cheti cha juu. Muuguzi aliyesajiliwa mwezi uliopita na muuguzi mwenye shahada ya uzamili wanasimama mbele ya sheria ileile, wakiwa na ruhusa zilezile. Kinachobadilika ni kina cha uamuzi wako ndani ya mipaka hiyo, na uamuzi huo unaonekana pale tu daktari na meneja wanapokuachia nafasi ya kuutumia. Nimewafundisha wauguzi waliohitimu vizuri sana, wakarudi kwenye ratiba ileile ya kupokea simu na kusafisha vizimba kana kwamba hawakusoma lolote, na baada ya muda wakaiacha fani kabisa. Jambo hilo huniumiza, kwa kuwa hawakushindwa masomo. Walikosa makubaliano yaliyopaswa kufanywa kabla ya masomo kuanza.

Kwa bahati nzuri eneo unalolipenda ni eneo ambalo muuguzi ana uzito mkubwa. Uchunguzi mkubwa ulioongozwa na mtafiti Brodbelt, uliofanyika katika kliniki 117 za Uingereza kati ya mwaka 2002 na 2004 na matokeo yake kuchapishwa mwaka 2008, ulionyesha kwamba hatari ya kifo kinachohusishwa na nusukaputi au dawa za kutuliza ni takriban asilimia 0.17 kwa mbwa, asilimia 0.24 kwa paka na asilimia 1.39 kwa sungura. Sehemu ambayo ningependa uikae nayo ni ile inayoonyesha vifo hivyo vilitokea lini. Kwa mbwa, karibu nusu vilitokea baada ya upasuaji. Kwa paka na sungura ni zaidi ya nusu, na vingi vya vifo hivyo vya baada ya upasuaji vilitokea katika saa 3 za kwanza. Katika saa hizo daktari mara nyingi amekwisha kunawa mikono na yuko kwa mgonjwa mwingine, au anazungumza na mwenye mnyama. Aliye kando ya kizimba ni muuguzi. Yeye ndiye anayeona kwamba sungura amepoa kupita kiasi, kwamba paka anapumua kwa tabu baada ya mrija wa hewa kutolewa, kwamba maumivu hayajadhibitiwa ingawa mnyama amenyamaza.

Basi unapokwenda kuzungumza na mwajiri, usiende na maneno ya jumla kuhusu kujiendeleza. Mwambie kwamba unataka kuwa msimamizi wa utaratibu wa kuamka kwa wagonjwa: kuandika fomu ya tathmini ya mgonjwa kabla ya dawa ya usingizi, kuweka kipimo kimoja cha maumivu kitakachotumiwa na kila mtu, kupanga ni nani anayekaa na mgonjwa na kwa muda gani, na kukusanya takwimu za kliniki yenu kuhusu joto la mwili na muda wa kuamka. Yote hayo yamo ndani ya mamlaka ya muuguzi kisheria, yote yanaweza kugeuka kazi za masomo yako, na yote yanampa mwajiri sababu ya kukuachia muda. Muombe ayaandike katika maelezo ya kazi yako, hata kama ni kwa mistari mitatu. Akisita kuandika mistari mitatu, umejifunza jambo la maana kabla hujalipa ada.

Sasa nije kwenye uchaguzi wa cheti. Cheti cha juu cha uuguzi wa wanyama, kinachojulikana kama CertAVN, ni sifa ya baada ya usajili iliyo chini ya mfumo wa RCVS, yaani Chuo cha Kifalme cha Madaktari wa Wanyama, ambacho ndicho kinachotunza daftari la madaktari na wauguzi. Hakuna mtaala mmoja wa nchi nzima: vyuo huandaa kozi zao, kisha RCVS huzikagua na kuzithibitisha, na ndiyo maana kozi mbili zenye jina hilo zinaweza kutofautiana sana kwa masomo, ada na namna ya kufundisha. Royal Veterinary College na Harper Adams ni miongoni mwa vyuo vilivyotoa masomo ya kiwango hiki kwa wauguzi walio kazini. Cheti kina krediti 60, ama katika ngazi ya 6, ambayo ni sawa na mwaka wa mwisho wa shahada ya kwanza, ama katika ngazi ya 7, ambayo ni ya uzamili. Krediti 60 za ngazi ya 7 ni theluthi moja ya shahada ya uzamili yenye krediti 180, kwa hiyo kama una nia ya kuendelea baadaye, uliza mapema na kwa maandishi iwapo chuo kitazihesabu.

Kwako wewe uliyetoka ngazi ya 3, ninapendekeza ngazi ya 6. Sisemi hivyo kwa kuidharau stashahada yako, kwa sababu kwa mikono yako huenda unawazidi wengi wenye shahada. Tofauti iko katika usomaji na uandishi. Stashahada ilikutaka uonyeshe kwamba unajua na unaweza. Ngazi ya 6 itakutaka uonyeshe kwa nini unaamini kile unachokijua, na ushahidi wake una nguvu kiasi gani. Nikupe mfano kutoka katika uchunguzi uleule. Katika sehemu yake inayohusu paka, kupimwa mapigo ya moyo na kufungwa kipimo cha oksijeni ya damu kulihusishwa na hatari ndogo zaidi ya kifo, na hilo halimshangazi mtu. Lakini kuwekewa mrija wa hewa na kupewa dripu kulihusishwa na hatari kubwa zaidi. Msomaji wa haraka angehitimisha kwamba mrija na dripu vinaua paka. Msomaji aliyefunzwa atauliza ni paka gani waliowekewa dripu, na ataona kwamba mara nyingi ni wale waliokuwa na hali mbaya tangu mwanzo; hata baada ya watafiti kujaribu kusawazisha tofauti za afya, kitu fulani kinaweza kubaki hakijapimwa. Vilevile atakumbuka jinsi koo la paka lilivyo dogo na lepesi kuumia, na atajiuliza kama mrija wenyewe unapowekwa kwa nguvu hausababishi uvimbe. Atabaki na maswali mawili yenye maana kwa kazi ya kesho, badala ya hofu moja isiyo na msingi. Kujifunza kusoma hivyo huchukua muda, na ni afadhali ujifunze katika ngazi ambayo waalimu wanategemea kukufundisha hilo kuliko katika ngazi ambayo wanadhani umekuja nalo.

Kuna njia nyingine mbili ambazo usizipuuze. Ya kwanza ni vyeti vifupi vya eneo moja, kama vile vyeti vya wauguzi viitwavyo NCert vinavyotolewa na kampuni ya mafunzo ya Improve, au cheti cha uuguzi wa paka cha shirika la International Cat Care, kilichojulikana kama cha ISFM, kinachosomwa kwa mbali. Vyeti hivi havina uzito wa kitaaluma wa CertAVN, lakini kwa mtu ambaye hajaandika insha kwa miaka kadhaa vinaweza kuwa njia salama ya kujipima. Ya pili ni sifa ya VTS, yaani ya muuguzi bingwa wa fani moja, ambayo asili yake ni Marekani na hutolewa na vyama vya kitaalamu vya fani mbalimbali, ikiwamo nusukaputi na huduma ya dharura. Wapo wauguzi wa Uingereza walioipata. Hii haina darasa. Unajenga faili la wagonjwa uliowahudumia, unaandika ripoti za kina za baadhi yao, stadi zako zinathibitishwa na wataalamu wanaokujua kazini, na maombi yako yakikubaliwa ndipo unapofanya mtihani. Ni njia nzito, inayowafaa walio katika hospitali za rufaa zenye wagonjwa wagumu kila siku. Kliniki yako ya kawaida, kama ulivyoieleza, huenda isikupe wagonjwa wa kutosha wa aina inayotakiwa, kwa hiyo ningeiacha hadi utakapokuwa umebadilisha mazingira ya kazi.

Kuhusu kama utaweza, tufanye hesabu. Krediti moja katika mfumo wa Uingereza huhesabiwa kuwa saa 10 za kusoma, pamoja na kazi za kuandika. Krediti 60 basi ni saa 600. Ukizigawa kwa miaka 2 yenye wiki 50 za kusoma kila mmoja, unapata saa 6 kwa wiki; ukizigawa kwa miaka 3, ni saa 4. Linganisha na saa 15 kwa mwaka mzima ambazo RCVS inamtaka muuguzi azitumie kujiendeleza, nawe utaona kwamba hili ni jambo la kiwango kingine kabisa, ingawa masomo hayo yatahesabiwa pia kutimiza sharti hilo. Saa 6 zinasikika chache mpaka pale mtu anapojaribu kuzitoa kwenye usiku wa zamu ya saa 10, mtoto akiwa hajalala na miguu ikiuma. Mpango wa kusoma usiku baada ya zamu ndio unaovunjika mara nyingi zaidi, na unavunjika kwa wanafunzi wenye bidii kwa sababu wao ndio hujilazimisha mpaka wanaugua.

Kwa kuwa unafanya kazi siku 4, una siku moja ya juma ambayo mtoto yuko shule. Siku hiyo ndiyo darasa lako, na ulinde asubuhi yake kwa muda wa saa 3 au 4 kabla ya jambo lingine lolote. Zinazobaki zitoke kazini. Muombe mwajiri nusu ya zamu kila baada ya wiki 2, yaani saa 5 za kusoma zenye malipo. Ukizijumlisha na asubuhi zako mbili, umefikia saa 11 hadi 13 kwa wiki 2, na mahitaji yako ya mpango wa miaka 2 ni saa 12. Hapo masomo yametoka katika ndoto yameingia katika ratiba. Asipokubali, chukua mpango wa miaka 3 kama chuo kinauruhusu, wala usione haya. Hakuna mwenye mnyama atakayekuuliza ulihitimu kwa miaka mingapi.

Katika kuomba muda huo una msaada wa kisheria, ingawa si mkubwa. Kwa Uingereza bara, mfanyakazi aliyemaliza wiki 26 kwa mwajiri mwenye wafanyakazi 250 au zaidi ana haki ya kuomba rasmi muda wa kusoma au kujifunza jambo linalohusiana na kazi yake. Mwajiri analazimika kulichukulia ombi kwa uzito na kulijibu. Halazimiki kulikubali akiwa na sababu za kibiashara, wala halazimiki kukulipa kwa muda huo. Kliniki yako ni ndogo, lakini mwajiri wako kisheria huenda ni ile kampuni kubwa, kwa hiyo angalia jina lililo kwenye mkataba wako.

Tuje kwenye nusu ya ada. Nia ni njema, lakini sharti la miaka 2 baada ya kuhitimu, ukiongeza miaka 2 au 3 ya masomo, linaweza kukufunga kwa miaka 5, na hapo soma kila neno. Omba deni lipungue kadiri muda unavyokwenda, kwa mfano kila mwezi unaokaa baada ya kuhitimu upunguze sehemu moja ya 24, ili ukiondoka baada ya mwaka na nusu usidaiwe chote. Taka iandikwe kwamba hudaiwi kitu endapo kampuni itakupunguza kazini au itaifunga kliniki hiyo. Uliza nini kitatokea ukipata ujauzito, ukiugua, au usipofaulu somo moja na kulazimika kulirudia kwa ada mpya. Jambo hili la mwisho husahaulika mno. Fahamu pia kwamba mwajiri hawezi kukata mshahara wako kufidia ada kama hukukubali kwa maandishi kabla, kwa hiyo sahihi yako kwenye karatasi hiyo ndiyo inayompa uwezo huo. Usiiweke kwa haraka mezani kwa meneja. ACAS, shirika la umma la ushauri na usuluhishi wa mambo ya kazi, hutoa ushauri wa bure kuhusu mikataba ya kazi, na nusu saa ya kuzungumza nao inatosha kukuonyesha palipo na mtego.

Neno moja kuhusu lugha. Wengi wetu tuliosoma shule za msingi kwa Kiswahili tuna Kiingereza kizuri cha kazini, cha kuzungumza na mwenye mbwa na kuandika maelezo ya mgonjwa, lakini uandishi wa kitaaluma ni lugha nyingine hata kwa Waingereza wenyewe. Miezi mitatu kabla ya kuanza, jizoeze kusoma makala moja ya utafiti kwa wiki na kuandika aya moja inayoeleza walichouliza watafiti, walichopima, walichokipata na unachokitilia shaka. Maktaba ya RCVS Knowledge, taasisi ya hisani iliyo mshirika wa RCVS, ina makala na wakutubi wanaowasaidia wauguzi kutafuta ushahidi, na gharama ya kujiunga nayo ni kitu unachoweza kumuomba mwajiri hata kabla ya ada. Ukijiunga na chuo, tumia huduma ya uandishi tangu kazi ya kwanza. Ninawaona wanafunzi wanaosubiri mpaka wapate alama mbaya ndipo waende, na ninatamani wangekwenda mapema, kwa sababu huduma ile imewekwa kwa ajili yao.

Swali lako la mwisho, la kurudi nyumbani, nimelifikiria sana. Tanzania fani hii inasimamiwa chini ya Sheria ya Veterinari ya mwaka 2003, na Baraza la Veterinari ndilo linaloamua nani asajiliwe au aandikishwe, na katika daraja gani: wapo madaktari, na wapo wataalamu wasaidizi ambao wengi wao wametoka katika kampasi za LITA, yaani Wakala wa Mafunzo ya Mifugo, kama Tengeru, Mpwapwa au Buhuri huko kwenu Tanga. Mafunzo yao yamejengwa juu ya ng'ombe, mbuzi, kuku, chanjo na josho, kwa sababu hayo ndiyo mahitaji makubwa ya nchi. Ujuzi wako wa nusukaputi ya mbwa na paka ni wa nadra huko, nami naamini una nafasi katika kliniki za wanyama wafugwao nyumbani za Dar es Salaam na Arusha, na hata katika kufundisha. Lakini cheti cha Uingereza hakikupi nafasi hiyo moja kwa moja, na usijenge maisha ya familia juu ya dhana kwamba kitakupa.

Kwa hiyo waandikie Baraza barua sasa. Ambatisha nakala ya stashahada yako, uthibitisho wa usajili wako RCVS, na maelezo ya masomo ya kozi unayoifikiria, kisha uliza utaandikishwa katika daraja gani na ni mafunzo gani ya ziada yatakayotakiwa kuhusu mifugo. Tunza maelezo ya kila somo pamoja na orodha ya alama zako, kwa sababu Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania, ambayo ndiyo inayotathmini vyeti vya vyuo vikuu vya nje, itataka kuona ulisoma nini na kwa ngazi gani. Usisubiri mpaka uhitimu, kwani majibu yao yanaweza kukufanya uchague chuo kingine, au uongeze somo moja la wanyama wakubwa ambalo leo hulioni umuhimu wake.